Juu kumeungua, ndani viazi vigumu: jibu kwa msomaji aliyeoka viazi vya jibini na vitunguu

*Shikamoo mwalimu. Jumamosi nilijaribu kuoka viazi kwa jibini na vitunguu vya rangi ya karameli, viwe vya kusindikiza kuku. Vitunguu nilivikaanga dakika 15 kama maelezo yalivyosema. Vingine vikaungua, vingine vikabaki vyeupe, na vyote vikawa na uchungu. Viazi nilivikata, nikaviosha, nikaviloweka kwenye maji ya limau visiwe vyeusi. Nikapanga, nikamimina maziwa, nikafunika kwa jibini nyingi, nikaoka kwa nyuzi 220 saa nzima. Juu kukawa kweusi, viazi bado vinagoma meno, maziwa yamekatika kama mtindi, na mafuta yanaelea. Nimekosea wapi? Wiki ijayo nina wageni, tutakuwa watu 8, na nimeshawaahidi.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kidogo, unisamehe. Ya pili nilishika kalamu, kwa sababu umesimulia kama shahidi mzuri, hukuficha kitu. Hata lile limau ulilolitaja kwa kupita hukulificha, na ndilo mshukiwa wangu mkubwa. Nitalirudia.

Chakula hiki kina vitu vitatu visivyopatana. Kitunguu kinataka moto mdogo, muda mrefu na kikaangio kilicho wazi ili maji yake yatoke. Kiazi kinataka majimaji na joto la kuchemka tu, basi. Jibini inataka joto la muda mfupi, na ikikawia motoni inaharibika. Ukivitia vyote vikiwa vibichi kwenye oveni na kutumaini vitakutana mezani vimeiva pamoja, kimoja lazima kiumie. Kwako vimeumia vyote vitatu. Kwa hiyo kila kimoja kiingie kwenye oveni kikiwa kimeshakaribia kuiva kwa njia yake. Kazi ya oveni iwe kuviunganisha na kuvitia rangi, isiwe kuvipika tangu mwanzo. Mengine yote nitakayokuandikia yanatoka hapo.

Tuanze na vitunguu, maana ladha ya chakula hiki inatoka huko, na huko ndiko waandishi wengi wa mapishi wanakotudanganya. Dakika 15! Nimekaanga vitunguu vingi kuliko nywele nilizobakiza kichwani, na sijaona hata siku moja kilo ya vitunguu ikifika rangi ya karameli kwa dakika 15. Inataka dakika 45 hadi saa nzima. Nadhani anayeandika dakika 15 anaogopa kumkimbiza msomaji. Msomaji naye, akiona dakika zimekwisha na vitunguu bado vyeupe, anaongeza moto. Kingo zinaungua, katikati pabichi. Uchungu uliouonja ulitoka kwenye hizo kingo.

Kinachochelewesha ni maji. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji, na maadamu maji yangalipo kwenye kikaangio, joto la vitunguu linakwama karibu na nyuzi 100. Kwa joto hilo kitunguu kinalainika na kung'aa, lakini rangi haikolei. Maji yakishapungua ndipo joto linapanda, na sukari iliyomo ndani ya kitunguu inaanza kuungana na asidi amino, zile chembe ndogo zinazojenga protini. Muungano huo ndio unaoleta rangi ya kahawia na harufu inayowaita watu jikoni. Mfaransa mmoja, Louis-Camille Maillard, aliueleza mwaka 1912, na mpaka leo wanakemia wanauita kwa jina lake. Sehemu nyingine ya sukari inageuka karameli yenyewe bila kuungana na kitu. Na usidhani kitunguu kinatengeneza sukari mpya kikikaangwa. Ilikuwamo siku zote, imefunikwa na ule ukali unaotutoa machozi. Ukali unaondoka kwa moto, maji yanapungua, utamu unabaki umekolea. Ndiyo sababu siweki sukari kwenye vitunguu. Anayeweka sukari anataka kununua muda, na muda haununuliwi kwa kijiko.

Sasa kazi yenyewe. Menya kilo 1 ya vitunguu maji, yaani 6 au 7 vikubwa kiasi. Pasua kila kimoja katikati kutoka kwenye mizizi kwenda kwenye ncha, kisha kata vipande vya nusu sentimita ukifuata mistari ile ile ya urefu. Usivikate kwa kukingama. Nyuzi za kitunguu zimelala kwa urefu: ukizifuata, vipande vinabaki na umbo lake hata baada ya saa moja motoni, ukizikata, vinageuka rojo. Usivifanye vyembamba kama karatasi, vitakauka kabla havijakolea.

Tafuta kikaangio kipana, sentimita 30 hivi, chenye kitako kizito. Tia siagi gramu 30 na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, tia vitunguu vyote, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi, funika, moto wa wastani, dakika 10. Chumvi na mvuke vinayafukuza maji. Ukifunua utavikuta vimesinyaa na vinaogelea kwenye maji yao wenyewe. Kuanzia hapo ondoa kifuniko na usikirudishe tena, na upunguze moto. Mwanzoni koroga kila baada ya dakika 4 au 5. Kuelekea mwisho, kila dakika moja au mbili. Usikoroge mfululizo kama mtu anayesonga ugali, maana kitunguu kisipotulia juu ya chuma hakipati rangi.

Ikifika dakika ya 25 hivi utaona utando wa kahawia unashika chini ya kikaangio. Wengi wanashtuka hapo, wanadhani wameunguza, wanazima moto. Usiuogope, ni ladha iliyoganda pale. Mwagia vijiko viwili vya maji, kwangua kwa mwiko, na rangi yote itarudi kwenye vitunguu. Utando ukirudi, rudia, mara tatu au nne mpaka mwisho. Lakini ukiwa mweusi, maji yamechelewa. Hapo usiukwangue, hamisha vitunguu kwenye kikaangio kingine uendelee, na kile cha kwanza ukiloweke.

Vimeiva vikiwa na rangi ya asali iliyokolea, vimelegea, na ukivisogeza havitoi maji. Kilo yako itakuwa imebaki robo kilo au zaidi kidogo. Usijilaumu kwamba vimepotea. Vilivyopotea ni maji.

Kuna watakaokuambia utie bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, ili rangi ije haraka. Hawakudanganyi: alkali kidogo inaharakisha sana huo muungano wa sukari na asidi amino. Tatizo ni kwamba inavunja pia kuta za kitunguu, na unabaki na uji wa kahawia ambao, mkono ukiteleza, una ladha ya sabuni. Kwenye supu ingenyamaziwa. Kwenye viazi nataka nyuzi nyuzi zinazoonekana ninapokata kipande, kwa hiyo mimi siitumii. Badala yake vitengeneze siku mbili tatu kabla ya wageni, uviweke kwenye friji. Hata kwenye friza vinakaa vizuri, na ndiyo maana mimi sikaangi kilo moja. Nakaanga mbili, nyingine naiweka.

Sasa limau.

Kiazi kikikatwa, vimeng'enya vilivyomo ndani yake vinakutana na hewa na rangi inageuka. Limau linazuia hilo, na ushauri uliopewa ni sahihi kwa maparachichi na matofaha. Kwa viazi vya kuoka ndani ya maziwa ni balaa, na balaa lenyewe ni la pande mbili. Seli za kiazi zimeshikanishwa na pektini, kitu kile kile kinachogandisha jemu. Kiazi kulainika maana yake ni pektini kuachia. Penye asidi, pektini inagoma kuachia. Ndiyo maana viazi ulivyovitia kwenye mchuzi wenye nyanya nyingi huchelewa kuiva kuliko vya maji matupu. Basi wewe uliviimarisha kwa limau, halafu ukavimwagia maziwa, yenye kalsiamu, na kalsiamu nayo inakaza pektini hiyo hiyo. Saa nzima ya oveni haikutosha kuvishinda. Upande wa pili, asidi iliyobaki kwenye vipande ikaingia kwenye maziwa. Maziwa yenye asidi yakipata moto mkali yanakatika tu. Hivyo ndivyo watu wanavyotengeneza jibini ya nyumbani kwa makusudi. Umetengeneza jibini bila kukusudia.

Kuosha nako kuliongeza chumvi kwenye kidonda. Yale maji meupe uliyoyamwaga yalikuwa wanga. Wanga ndio unaofanya mchuzi wa chakula hiki uwe mzito na wa kung'ang'ania, na ndio unaojipenyeza kati ya protini za maziwa na kuzizuia zisishikane mabonge. Kuosha vipande ni mbinu ya viazi vya kukaanga, ambavyo tunataka visishikamane. Hapa tunataka kinyume chake. Osha viazi vikiwa vizima, vimenye, na ukishakata usiviguse kwa maji tena. Unaogopa weusi? Vikatie moja kwa moja ndani ya sufuria yenye maziwa baridi. Hewa haivifikii, na wanga wote unabaki ndani.

Viazi gani? Vya katikati: si vile vinavyovunjika kuwa unga vikichemshwa, wala si vile vya kuteleza ambavyo hubaki vigumu kama sabuni. Vya unga mno vitageuka viazi vya kuponda. Vya kuteleza havitoi wanga wa kutosha. Kama hujui ulivyonavyo ni vya aina gani, kuna jaribio ambalo watoto wanalipenda. Changanya kikombe 1 cha chumvi na vikombe 11 vya maji, kisha tumbukiza kiazi. Cha unga kina uzito zaidi, kitazama. Cha kuteleza kitaelea. Ukipata vya unga tu, usihangaike kutafuta vingine, punguza tu dakika za kuvichemsha. Chenye ukijani kwenye ngozi kitupe, maana ukijani ni dalili kwamba huenda kimejaa solanini, nayo ni sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Na usiweke viazi vibichi kwenye friji: baridi inageuza wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo itakuunguzia juu kabla ya wakati.

Unene wa vipande ni milimita 3. Nasisitiza kwa sababu "vyembamba" ya mtu mmoja ni "vinene" ya mwingine. Sarafu mbili zilizobebana zinakupa picha. Kuliko wembamba, usawa ndio muhimu zaidi: kipande cha milimita 3 kikilala jirani na cha milimita 7, kimoja kitayeyuka mwenziwe akiwa bado anagoma meno.

Kuhusu maziwa. Maziwa matupu, hasa yale yaliyopunguzwa mafuta, hukatika kwa urahisi yakikaa motoni muda mrefu. Krimu yenye mafuta kuanzia asilimia 30 inavumilia karibu kila kitu, kwa sababu mafuta yamezizunguka protini na protini zenyewe ni chache. Lakini krimu tupu inanichosha. Ukila kijiko cha tatu unatafuta maji. Mimi naweka nusu kwa nusu, mililita 300 za krimu na 300 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta. Ukikosa krimu kabisa, yeyusha siagi gramu 40, tia unga wa ngano gramu 40, kaanga dakika moja, kisha ongeza maziwa mililita 700 kidogo kidogo ukikoroga mpaka yawe mazito, halafu tumia mchuzi huo mahali pa krimu na maziwa. Unga utafanya ile kazi ya ulinzi ambayo mafuta yangefanya. Si chakula kile kile, ila hakitakuaibisha.

Sasa hatua ambayo wewe uliiruka, na naamini hata maelezo uliyoyafuata yaliiruka. Tia vipande vya viazi, kilo 1 na gramu 200 kwa watu 8, kwenye sufuria pana pamoja na krimu na maziwa. Ongeza vijiko viwili vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa, pilipili manga, punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa, na kungumanga iliyokunwa, kidogo tu, kiasi cha mtu kuuliza "hii harufu ni ya nini?" na asipate jibu. Chemsha kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10, ukigeuza kwa mwiko taratibu kutoka chini ili visishike. Mchuzi utaanza kuwa mzito machoni pako. Huo ni wanga unafanya kazi, kuanzia kama nyuzi 60 na kitu. Chukua kipande ukikunje. Kikipinda bila kukatika na kisu kinaingia kwa ubishi kidogo, zima. Kikivunjika, umepitiliza, ila bado hujaharibu, nenda haraka kwenye hatua inayofuata. Onja mchuzi. Uwe na chumvi kidogo zaidi ya unayoipenda, kwa sababu viazi vitaimeza. Ila usipitilize, jibini nayo inakuja na chumvi yake.

Na jibini, basi. Mafuta uliyoyaona yakielea hayakutoka kwenye maziwa. Jibini ni wavu wa protini ulioshikilia mafuta na maji. Ikipata joto la wastani wavu unalegea, na hiyo ndiyo jibini kuyeyuka. Joto likizidi au likidumu, protini zinajikaza kama ngumi na kukamua mafuta nje. Unabaki na dimbwi la mafuta na kitu kinachotafunika kama raba. Nyuzi 220 kwa saa nzima ni joto la kukamulia.

Aina za jibini zinatofautiana sana hapo. Zilizokomaa muda mrefu, kama cheddar ya mwaka au miaka miwili, zina ladha kali lakini wavu wake umechoka, zinaachia mafuta mapema. Changa zinayeyuka vizuri lakini ladha yake ni ya kimya. Mozzarella inavutika nyuzi ndefu na watoto wanafurahi, ila kwa ladha ni kama mgeni aliyekuja bila kusema neno. Na ikiwa ile mbichi ya kwenye maji, italeta maji usiyoyahitaji. Paneer na halloumi haziyeyuki vizuri hata ukizibembeleza, usijaribu. Mchanganyiko wangu ni gramu 150 za jibini inayoyeyuka vizuri na yenye ladha (Gruyère ikipatikana, la sivyo Gouda, Emmental au cheddar isiyokomaa sana) na gramu 50 za Parmesan au nyingine ngumu kavu ya kukuna. Jumla gramu 200. Najua hapo utasema ni kidogo, ulitumia zaidi. Ndiyo, ulitumia zaidi, na mafuta yakaelea.

Ikune mwenyewe. Ile inayouzwa imeshakunwa hupakwa wanga au selulosi ili isishikamane kwenye mfuko, na upako huo huizuia isiyeyuke kwa ulaini ule ule. Ukiwa nayo tayari nyumbani usiitupe, itumie katikati ya viazi ambako haionekani.

Kupanga ni kazi ya dakika tano. Bakuli la kuokea la sentimita 23 kwa 33 linatosha, lipake siagi. Tandaza theluthi moja ya viazi pamoja na mchuzi wake, nusu ya vitunguu, nusu ya ile jibini laini (zile gramu 150 za kuyeyuka). Theluthi ya pili, vitunguu vilivyobaki, jibini laini iliyobaki. Funika kwa viazi vya mwisho na umimine mchuzi wote. Angalia vizuri: vitunguu visibaki juu. Vimeshakamilisha rangi yao kwenye kikaangio, vikipigwa na moto wa juu vitaungua, na uchungu wa Jumamosi utarudi. Parmesan bado, iweke pembeni.

Funika kwa foili, oveni nyuzi 180 (yenye feni, 160), rafu ya katikati, dakika 20. Fungua, nyunyiza Parmesan, rudisha bila foili dakika nyingine 15 hadi 20, mpaka pembeni pawe panatokota kwa mapovu mazito na juu pawe na rangi ya dhahabu yenye madoadoa ya kahawia. Chomeka kisu katikati. Kiingie kama kwenye siagi. Kama ndani kumeiva na juu bado kumepauka, washa moto wa juu wa oveni dakika 2 au 3, na usiondoke hapo mlangoni. Simu ikiita, acha iite.

Wafaransa huviita vyakula vya namna hii gratin, jina lililotoka kwenye kitenzi chao cha kukwangua. Walikuwa wakikwangua kile kilichoganda pembeni na chini ya chombo, kwa sababu ndicho kitamu. Kwa lugha yetu huo ni ukoko, na kila aliyekua kwenye nyumba yenye ndugu wengi anajua ugomvi wa ukoko. Kwa hiyo ukiona pembeni mwa bakuli pamekauka na kushika rangi, usipasafishe kwa kitambaa kabla ya kupeleka mezani. Kuna mgeni atakapopaona hapo, atapanyemelea.

Halafu usipakue. Hili ni gumu kwa sababu watu wana njaa na jikoni kunanukia, lakini bakuli likitoka kwenye oveni mchuzi bado ni maji. Liache dakika 15, hata 20. Likipoa kidogo, wanga unashika, mchuzi unajifunga kwenye viazi, na kipande kinakatika kwa mraba badala ya kumwagika kwenye sahani na kumlowesha kuku. Bakuli la kina hicho halipoi haraka, bado litaunguza ulimi wa mwenye haraka.

Kwa wageni wako, usifanye yote siku moja. Vitunguu siku mbili kabla. Jioni ya kuamkia siku yenyewe, chemsha viazi, panga bakuli mpaka mwisho bila Parmesan, acha lipoe kidogo, funika, tia kwenye friji. Lisikae nje zaidi ya saa mbili. Siku yenyewe litoe nusu saa kabla ya kuoka, na uongeze dakika 15 kwenye zile 20 za mwanzo za foili, kwa kuwa linaanza likiwa baridi. Kama bakuli lako ni la kioo, usilitie kwenye oveni yenye moto likiwa bado na baridi ya friji, linaweza kupasuka. Kuku na viazi wakigombea oveni moja, mtangulize kuku. Akitoka na kupumzika chini ya foili, viazi vinaingia.

Uliuliza pia mwishoni mwa barua, kwa herufi ndogo kama mtu anayeona haya, kama vile vilivyoharibika Jumamosi vinaokolewa, maana umevihifadhi. Vimeshakaa siku ngapi? Kwenye friji, siku tatu au nne ndio mwisho. Kama havijapita hapo, ondoa juu palipoungua, chemsha vilivyobaki kwenye maji kidogo mpaka vilainike, saga, vifanye supu. Maziwa yaliyokatika hayataonekana yakishasagwa. Uchungu wa vitunguu sikuahidi kuuondoa.

Vikibaki vile vizuri vya wiki ijayo, usivipashe kwa maikrowevu, jibini itajikamua tena. Funika kwa foili, nyuzi 160, mpaka katikati pawe pa moto kabisa. Au fanya ninavyofanya mimi asubuhi yake: kata kipande kilichopoa na kushikana, kiweke kwenye kikaangio kikavu chenye moto wa wastani, kikauke na kushika rangi pande mbili. Mafuta ya jibini yenyewe yanatosha kukikaanga.

Na limau lile ulilobakiza, likamulie kuku.